Kitambaa cha Bi Tatu

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo redio ya upepo ikakoroma. Alikuwa Nasibu, binamu yake Somoe, aliye ng'ambo ya bonde. "Dada Somoe, picha imezimika tena! Gari la hospitali limeshafika, linamngoja mama."

Somoe akashuka darini, jasho likimchuruzika. Antena alikwisha kuigeuza, nyaya alikwisha kuzifungua na kuzifunga upya. Mtambo wenyewe ni kikompyuta cha kuenea kiganjani, cha kurushia picha ng'ambo. Tangu daraja lianguke, Bi Tatu, mama yake Nasibu, hajaonana na mdogo wake, Bi Kibibi.

Sebuleni, Bi Kibibi alikuwa ameketi mbele ya kamera na leso yake mpya. Mezani, kikompyuta kimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Mama! Nani kakifunika?"

"Mimi. Kila ukipanda juu nakifunika. Chombo cha televisheni hakikai uchi, mwanangu. Vumbi."

Somoe akakigusa kikompyuta, akarudisha kidole upesi.

"Kinazimika kwa joto, mama! Asubuhi nzima nagombana na antena, kumbe..." Akakiondoa kitambaa, akakilaza mezani taratibu. Kitambaa kile alikifuma Bi Tatu kwa mkono wake.

Akakiwasha kikompyuta upya. Taa ya kijani ikapepesa. Bi Kibibi, macho hayabanduki kwenye kamera, akatwaa kitambaa cha dada yake, akaanza kukipepea kikompyuta polepole, kama mtu apepeaye mgonjwa.

Redio ikakoroma. Upande wa pili Bi Tatu akavuta pumzi: "Kibibi, hicho si kitambaa changu?"