Mkono Wenye Chaki

Mwenyekiti wa ushirika wa tumbaku aliuliza ni nani anayekubali Yustina afukuzwe uanachama. Mikono ikanyooshwa, imeshika weusi wa utomvu wa tumbaku. Mmoja tu ulikuwa na vumbi la chaki: wa mwalimu wa uraia.

Kosa la Yustina lilikuwa swali. Kwa nini tumbaku ya viongozi haishuki daraja hata ikiloa mvua?

Asubuhi, mjini Tabora, mwalimu alikuwa amewafundisha wanafunzi kwamba demokrasia tumeirithi kwa Wagiriki wa kale, na kwamba haohao walimhukumu mwanafalsafa wao anywe sumu, kwa kura, kwa sababu alizidi kuuliza maswali.

"Wengi nao hukosea!" aliwaambia, akigonga ubao mpaka chaki ikavunjika.

Lakini marobota yake mwenyewe yalikuwa bado ghalani, yanasubiri kupangiwa daraja na viongozi haohao.

"Shusha, mwalimu," mwenyekiti alisema. "Kura zimeshatosha."

Mikono mingine yote ilikuwa imeshashuka.

Yustina, mama ambaye mwalimu alikuwa akimwamkia tangu utotoni, alikaza kanga yake kiunoni, akaja mpaka mbele yake, akapiga goti kama mtoto mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mwalimu."