Mitamba Waliotaka Kuwa wa Mwisho

Palikuwa na mtamba wa ngamia, Siwatu, ambaye utotoni hakuna ndama aliyemweza kwa mbio. Lakini nundu ilipomwota mgongoni, akaacha kukimbia. Aliona inatikisika kila apigapo hatua, na ngamia huenda kwa mstari, kila mmoja akimtazama wa mbele yake. Basi akawa anashinda amelala, hata magoti yakaanza kumkaza.

Rafiki yake Mwanakheri akamjia. "Twende tukakimbie, mwenzangu."

"Tumbo linaniuma."

"Na jana je?"

Siwatu akainamisha shingo. "Haya, nitakuja. Ila nikae nyuma kabisa."

"Nyuma nakaa mimi," akasema Mwanakheri. "Huoni nundu yangu inavyochezacheza?"

Siwatu hakuwahi kuiona. Muda wote huo alikuwa akiwaza ya kwake. Wakaenda kuwaita mitamba wenzao. Kumbe kila mmoja ana tumbo lake linalouma, na kila mmoja anataka awe wa mwisho! Wakacheka mpaka wakaishiwa nguvu.

"Basi leo hakuna mbele wala nyuma," akasema Siwatu. "Tukimbie ubavu kwa ubavu."

Wakatimka, nundu zote zikitikisika pamoja, wala hapakuwa na nyuma pa kuzitazamia.

Kesho yake wakampita mtamba mdogo aliyejilaza peke yake, nundu yake ndiyo kwanza inachomoza.

"Tumbo linaniuma," akawahi kusema, kabla hajaulizwa.

Siwatu akapiga magoti kando yake. "Najua, mdogo wangu. Langu nalo liliuma hivyohivyo. Inuka, tumekuachia nafasi katikati."