Friji Kubwa la Fisi

Fisi, mpenda vya bei rahisi, alinunua friji kuukuu, kubwa kama kibanda. Jirani yake Nguchiro akanunua jipya, dogo, la bei ghali, lisilokula umeme.

"Umepigwa, ndugu yangu!" Fisi alimcheka mpaka akakaa chini.

Mwezi haujaisha, Fisi akapiga hodi kwa Nguchiro, amekumbatia paja la nyama.

"Niwekee, jirani. Langu linamaliza umeme wa wiki kwa siku moja. Nimeshalizima, nimeligeuza kabati la nguo."

"Basi angalau nguo zako hazipati vumbi."

"Nguo zipi? Niliziuza zote ninunue umeme!"

Tangu hapo, ukisikia Fisi anacheka peke yake gizani, ujue amelikumbuka friji.