Mpangaji Aliyesifiwa Mno

Enzi zile wanyama walipokuwa wakipangishana mashimo, Muhanga alichimba shimo la pili, akataka kulipangisha. Walijitokeza wawili, Kicheche na Nungunungu, wote wapangaji wa Nguchiro. Muhanga hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikwenda kwanza kwa Nguchiro kuwaulizia.

"Kicheche?" Nguchiro aliruka kwa furaha. "Dada yangu, yule ni malaika! Mchukue leo hii, nami nitambebea vyombo mpaka kwako."

"Na Nungunungu?"

Nguchiro alinuna. "Achana naye. Mkorofi yule, na miiba yake itakukwangulia kuta zote."

Muhanga alishukuru, akarudi zake, akampa shimo Nungunungu.

"Umerogwa?" jirani yake Digidigi alimaka. "Unamwacha malaika?"

"Mwenye nyumba hambebei vyombo mpangaji anayemfaa," Muhanga alijibu. "Anayemfaa humsema vibaya, asije akachukuliwa."

Digidigi alicheka mpaka akakaa chini.

Masika yakaja. Nungunungu alikuwa ameshachimba mfereji mlangoni, na shimo la Muhanga halikuingia hata tone. Kwa Nguchiro, Kicheche alikuwa ameuziba mfereji kwa mifupa na makombo, maji yakajaa mpaka kitandani. Nguchiro akaja mbio, ameloa chapachapa.

"Dada, nakuomba, nirudishie Nungunungu wangu!"

Safari hii Digidigi hakucheka.

"Huyu mkorofi niachie mimi," Muhanga alisema. "Wewe nenda kamwambie malaika wako azibue mfereji."