Kalamu Inayoteleza

Kila mteja wangu hujaribu kalamu kwa kutia sahihi. Leo kaja kaka yangu, yule anayedai mama alisaini kumpa nyumba. Mama anakana katakata.

"Nataka kalamu laini, mdogo wangu."

Ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikavujia kidole chake.

"Hebu ngoja." Kalamu sizibahatishi mimi. Ya tatu niliitia mrija mpya wa wino.

Ikateleza. Mkono wake ukajisahau ukatia sahihi tatu mfululizo, zote za mama, na ule mkia unaojikunja juu kama ndoana.

"Hii ndiyo kalamu!" akasifu. "Bei gani?"

Nikaweka kiganja juu ya karatasi.

"Chukua bure, kaka. Karatasi hii niachie."