Wimbo wa Bi Mwajabu

Tangu jeshi la Wakomunisti litwae nchi, jiko la nyumbani ni marufuku. Mtaa mzima hula bwaloni, kwenye mtambo unaopika kwa kuiga chochote ulichoonyeshwa. Bi Mwajabu hakubabaika. Aliupikia mtambo pilau yake mara moja tu, na sasa kila mtu anakula pilau ya mkono wake.

“Ndugu,” Komredi Nyange, msimamizi wa bwalo, alimwambia mchana mmoja, “tunasikia mwanao hulala upesi ukimwimbia. Kesho uuimbie mtambo, uige na sauti yako, watoto wote walale.”

“Nitakuja,” alijibu bila kupepesa macho.

Alipofika nyumbani alifungua madirisha yote, akamlaza mwanawe, akauma pindo la kanga asije akaimba. Mtoto alilia. Akamwacha alie, majirani wasikie, waende wakaseme kwamba mwanawe halali upesi, wimbo ubaki wake.