Mgongo wa Mzee Korongo

Zamani zile wanyama walipokuwa na vyama, wasio na mabawa walianzisha chama cha kujifunza kuelea angani. Chombo chao cha mafunzo kilikuwa kimoja tu: mgongo wa Mzee Korongo. Nguchiro, aliyejiita rubani mkuu, alikuwa amechoka kuupanda. Manyoya yalishapukutika, na magoti yalilia kama bawaba zilizokosa mafuta.

"Kilichobaki kizima kwake ni utii," aliwaambia wenzake. "Nikisema kushoto, anakwenda kushoto, ila mpaka afikirie kwanza. Tutafute kijana."

Wakamstaafisha mzee kwa makofi na vigelegele, wakamchukua mjukuu wake, korongo kijana mwenye manyoya yanayong'aa. Nguchiro akampanda, kifua mbele. Walipokaribia uwanja wa kutua, wakiwa bado juu ya mti wa mgunga, akaamuru palepale alipozoea kuamuru siku zote: "Chini!"

Kijana akashuka papo hapo. Wakatua katikati ya miiba.

"Mbona umeniingiza mtini?" Nguchiro alifoka.

"Si umesema chini, mkubwa?"

"Babu yako angeupita mti kwanza!"

Jioni hiyo Nguchiro alimwendea Mzee Korongo, anachechemea, miiba imemjaa mkiani. "Rudi kazini, mzee wangu," alimbembeleza. "Huyu kijana hasikii kabisa. Aliyekuwa akinisikia ni wewe peke yako."

Mzee Korongo akainamisha kichwa karibu na mdomo wa Nguchiro.

"Paza sauti, mwanangu," alisema. "Masikio yangu yaliziba kabla hujajiunga na chama."